Mapango, Maji Moto na Vijiji vya Mkulumuzi na Sigi: Namna ya Kulitembea Bonde kwa Siku Moja

Mtu akitoka Tanga mjini kwenda Mapango ya Amboni, kwa kawaida hukodi bajaji, huingia pangoni na mwongozaji kwa muda mfupi, hupiga picha, kisha hurudi mjini kula. Si vibaya, ila bonde lenyewe anakuwa hajaliona. Mapango yale yako kati ya mito miwili, Mkulumuzi na Sigi. Jirani yake kuna chemchemi za maji moto ya kiberiti, makazi ya Wadigo na Wasegeju, mashamba ya mkonge na miamba yenye maua ambayo dunia nzima huyafuga kwenye vyungu. Kinachoviunganisha vyote ni maji yanavyopenya kwenye mawe ya chokaa. Ukiyafuata maji, utajua mwenyewe uende saa ngapi, uvae viatu gani, maji yapi usiyanywe na wapi uombe ruhusa kwanza.

Maelezo haya ni ya siku moja nzima, kwa kundi la watu wawili hadi sita, kwa daladala, bodaboda na miguu.

Mawe yanavyobeba maji

Mwamba wa Amboni ni chokaa iliyojengeka chini ya bahari enzi ya Jurasiki, miaka kama milioni 150 iliyopita. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni dioksaidi na kupata uchachu kidogo. Uchachu huo ndio unaoyeyusha chokaa. Ufa mwembamba, ukipewa muda wa kutosha, hupanuka ukawa mfereji, na mfereji ukawa chumba. Mto nao ukizidi kuchimba bonde, vyumba vya juu hubaki vikavu, na hapo ndipo mtu hupata pango la kutembea ndani. Maji yanayoendelea kudondoka huacha chokaa yake nyuma. Nguzo zinazoning'inia darini huitwa stalaktiti, na zinazoinuka sakafuni huitwa stalagmiti. Ukuaji wake kwa mwaka ni sehemu ndogo tu ya milimita, kwa hiyo ncha ya urefu wa kidole inayovunjwa na begi la mtu mwenye haraka imejengwa kwa mamia ya miaka.

Kuna jambo la vitendo hapa ambalo wageni wengi hawalijui. Mchanga huchuja maji, lakini chokaa huyapitisha tu. Kinachoingia kwenye shimo juu ya kilima, iwe kinyesi cha ng'ombe au maji ya choo, chaweza kutokea chemchemini chini ya kilima siku hiyo hiyo. Maji ya chemchemi yakiwa maangavu, usiseme ni salama. Kipimo rahisi ni kuitazama chemchemi baada ya mvua kubwa: ikichafuka ndani ya saa chache, jua inalishwa na mfereji ulio wazi, na maji yake usiyanywe hivi hivi. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au tia kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Maji ya tope yachuje kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, maana tope huila klorini kabla haijafanya kazi yake.

Msimu na saa

Masika ya Tanga ni Machi hadi Mei, na Aprili na Mei ndiyo miezi mizito. Miezi hiyo acha. Njia za udongo mwekundu huteleza, na sakafu ya pango hulowa. Kubwa zaidi ni mito. Sigi inatoka Usambara Mashariki, milima ya Amani, ambako hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo Amboni kunaweza kuwa na jua kali huku maji ya mvua ya jana mlimani yakiwa njiani. Mkulumuzi ni mdogo kuliko Sigi, na udogo huo huwadanganya watu, kwa sababu mto mdogo hupanda na kushuka haraka. Dalili za maji kuja ni tatu: rangi kugeuka kahawia ghafla, majani na vijiti kuanza kuelea, na mlio wa mto kubadilika. Ukiona mojawapo, panda juu kwanza, maswali baadaye.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Upepo wa kusi hupoza jua na njia huwa kavu. Januari na Februari pia hufaa, ila joto la mchana ni kali na maji ya kunywa lazima yaongezwe. Vuli, Oktoba hadi Desemba, inategemea mwaka. Sheria ya kutumia ni hii: kama imenyesha mvua kubwa usiku wa kuamkia safari, subirini siku mbili kavu.

Mpangilio wa siku ni pango asubuhi, kijiji mchana, maji moto jioni. Kuna sababu. Kutambaa pangoni kunataka mtu mwenye nguvu na nguo kavu. Mchana ndipo chakula kinapopatikana vijijini, na jua la saa saba si la kutembea uwanjani. Maji moto nayo hulegeza mwili, na mtu aliyetoka humo hana hamu wala miguu ya kupanda mawe. Ondokeni mjini saa moja asubuhi ili mwe pangoni kabla ya saa tatu. Siku ya Ijumaa, panga kufika kwa wenyeji kuanzia saa nane, maana kabla ya hapo wanaume wengi wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya vijijini hufungwa mchana. Beba chakula chako ukile pembeni, usikitafune barabarani mbele ya watu waliofunga.

Vya kubeba

Mwanga ndio uhai pangoni. Kila mtu abebe tochi ya kichwani na nyingine ya akiba, pamoja na betri mpya zilizofungwa kwenye nailoni. Tochi ya simu haihesabiwi. Inakula chaji, inashika mkono unaotakiwa kushika mwamba, na ikidondoka kwenye maji umepoteza taa na mawasiliano kwa mpigo. Usiingie na mshumaa wala mwenge. Masizi yake hukaa kwenye ukuta vizazi na vizazi, na moto hula hewa kwenye vyumba visivyo na upepo.

Kofia ngumu ya mafundi ujenzi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa inatosha, mradi ina kamba ya kidevuni. Kama haina, toboa matundu mawili na ufunge kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kofia isiyofungwa hudondoka mara tu unapoinama, na kuinama ndiyo kazi ya pangoni. Viatu viwe raba zenye meno mazito, zilizofungwa vizuri. Kandambili na yeboyebo waachieni wa ufukweni. Vaeni suruali ndefu na shati la mikono mirefu, nguo ambazo hamtasikitika zikichanika. Kina mama na kina dada wabebe khanga ya kufunga juu ya suruali wanapoingia vijijini. Khanga hiyo hiyo ndiyo taulo ya maji moto na ndicho kichujio cha maji.

Maji ya kunywa ni lita 2 kwa kila mtu hadi saa nane mchana, na nusu lita tena kwa safari ya maji moto, mbali na lita 3 za kujisuuzia baada ya kuoga huko. Wanaojua mapango ya nyanda za juu husahau kwamba hewa ya pango hufuata wastani wa joto la mwaka la mahali lilipo. Kwa Tanga wastani huo ni kama nyuzi 26, na unyevu ni mwingi, hivyo jasho halikauki. Ndani hakuna baridi ya kukuambia pumzika. Mtu hugundua ameishiwa maji akiwa tayari kichwa kinamgonga. Bebeni pakiti mbili za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Miwani na kamera vitaganda ukungu ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Vipe robo saa vizoee hewa ya nje kabla ya kuingia.

Ongezeni barakoa moja kwa kila mtu (N95 ikipatikana), bandeji, dawa ya kuua vijidudu vya jeraha, sabuni, na noti ndogondogo, kwa sababu muuza madafu hana chenji ya elfu kumi. Takataka zenu zitieni kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa mrudi nazo mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kufika na kujitambulisha

Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kushoto mwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Panda daladala ya Amboni, mwambie kondakta akushushe njia panda ya mapangoni. Kutoka barabara kuu hadi Kiomoni, yaliko mapango, ni kilomita 2 na nusu hivi za vumbi, nusu saa na ushee kwa miguu, au bodaboda. Wenye baiskeli, na Tanga ndio mji wa baiskeli, hufika wote kwa pamoja bila kuchoka, na watapata nafuu kubwa ya kuhama kutoka mapangoni kwenda maji moto. Kama mmekuja na bodaboda, patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda na uchukue namba ya dereva. Jioni pikipiki upande huo ni chache.

Mapango yalikuwa chini ya idara ya mambo ya kale tangu 1963, na mwaka 2019 yakakabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ofisi iko mlangoni. Malipo ya serikali siku hizi hupitia namba ya malipo, kwa hiyo uwe na salio la kutosha kwenye simu na kitambulisho mkononi. Raia wa Tanzania hulipa kiwango tofauti na wageni wa nje, na bila kitambulisho utabaki kubishana mlangoni.

Mwongozaji ni wa lazima, na hata kama asingekuwa wa lazima ungemtaka. Yako mapango kumi eneo hilo, na ni moja tu lililotengwa kwa wageni. Mengine usiyaingie kwa udadisi wako. Februari 2015 polisi walipambana na watu wenye silaha eneo la Amboni, na wenyeji hawajasahau. Mtu asiyejulikana anayechungulia mashimo porini atahojiwa, na ana haki ya kuhojiwa. Ukitaka kutembea nje ya njia ya wageni, kando ya mto au juu ya vilima, pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Sema jina lako, unakotoka, unakokwenda na saa ya kurudi. Dakika kumi hizo zitakufungulia njia ya siku nzima, na mara nyingi utapewa kijana wa kukusindikiza. Mlipe.

Kabla ya kuingia, mwachie mtu wa mjini ujumbe: mko wangapi, mwongozaji ni nani, mtatoka saa ngapi. Simu haishiki ndani ya chokaa. Ongeza saa mbili juu ya saa ya kutoka. Zikipita bila habari, mtu huyo apige simu ofisi ya mapangoni, kisha 112 ya polisi au 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Ndani ya pango

Mwongozaji hutangulia. Wa mwisho awe mtu mtulivu kuliko wote, si mdogo wala mwoga, na yeye ndiye mwenye kazi ya kuhesabu. Kila chumba mkiingia, hesabu. Kila chumba mkitoka, hesabu. Simameni dakika mbili baada ya mlango, tochi zikiwa zimezimwa, macho yazoee giza. Watu wengi hujikwaa mita ishirini za mwanzo kwa kukimbilia ndani wakiwa bado wana jua machoni.

Vyumba vingine vina dari ya zaidi ya mita kumi, na vingine mtapita kwa magoti. Kwenye mteremko mwembamba, tanguliza miguu, tumbo likitazama mwamba. Ukitanguliza kichwa hutaweza kurudi. Mkoba uvue, uusukume mbele yako au uuburute kwa kamba fupi iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu. Penye kubana, toa pumzi kwanza ndipo usogee. Mtu akikwama, kosa la kwanza ni kupambana: kifua hujaa hewa na misuli huvimba. Mwambieni atulie, apumue taratibu mara tano, atoe pumzi yote, kisha arudi alikotokea na si kusonga mbele. Popote penye utelezi, viungo vitatu kati ya vinne viwe vimeshika mwamba wakati mmoja.

Nguzo za chokaa usiziguse hata kama wenzako wanazishika. Mafuta ya kiganja huufunika uso wake, maji yakashindwa kugandisha chokaa mpya, na nguzo ikafa. Angalia zile za karibu na njia: pale mikono ilipopita pamekuwa weusi na laini, na futi mbili juu yake mwamba bado mweupe na unametameta ukimulikwa. Mulika kwa ubavu, usimulike usoni. Tochi ikiwa pembeni, kivuli ndicho kinachoonyesha maumbo. Mwongozaji atakuonyesha mamba, kochi, meli, Bikira Maria. Atakusimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, watu waliosakwa na serikali ya kikoloni wakajificha humu miaka ya 1950, na habari za njia ya chini kwa chini hadi Mombasa. Simulizi hizi zisikilizeni, ni sehemu ya pango. Ila kwa usalama wenu jueni kwamba wataalamu waliolipima mwaka 1994 hawakukuta njia yoyote inayofika hata kilomita moja, na vichochoro vinavyotajwa kuelekea mbali mara nyingi ni mashimo yanayoishia kwenye kushuka kwa ghafla.

Kuna chumba cha mzimu. Watu huja humo na shida zao, uzazi, maradhi, biashara, na utaona ubani, vitambaa, chupa za marashi, sarafu, pengine chakula. Hiyo ni ibada inayoendelea. Usisogeze kitu, usiokote sarafu, na ukiwakuta watu wamekaa kuomba, rudi nyuma usubiri mwongozaji aongee nao. Kamera izime. Akikwambia vua viatu, vua.

Popo wako maelfu, na harufu ya kinyesi chao utaikuta kabla hujawaona. Hapa kuwa makini kwelikweli. Kinyesi kikavu kikitimuliwa huinua vumbi lenye ukungu unaoshambulia mapafu, ugonjwa uitwao histoplasmosisi. Popo wala matunda wanaoishi mapangoni, jamii ya Rousettus, ndio wanaohifadhi virusi vya Marburg. Nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza wa 1980 na yule wa 1987 wote walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Hapa kwetu ugonjwa huo ulitangazwa Kagera Machi 2023 na tena Januari 2025. Hiyo si sababu ya kuacha kwenda. Ni sababu ya kuvaa barakoa kwenye vyumba vya popo, kufunga mdomo ukitazama juu, kutomshika popo aliye hai wala aliyekufa, kutokula wala kuvuta sigara ndani, na kunawa kwa sabuni mara mnapotoka. Mwenye pumu kali, mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wabaki nje wakitazama mbega juu ya miti.

Hewa nayo. Kwenye vichochoro vya chini visivyo na upepo kaboni dioksaidi hujikusanya. Mtu akianza kuhema haraka bila kufanya kazi, au kichwa kumuuma, tokeni wote pamoja mara moja. Tochi zikizimika zote, kaeni chini mlipo, gusaneni mabega, msitembee. Aliyekaa huokolewa alipo. Aliyetembea gizani huokotwa kwenye shimo.

Mkitoka, kabla ya kuondoka, tazameni miamba yenye kivuli upande wa mto. Kwenye nyufa zenye unyevu huota mmea mdogo wa majani yenye manyoya na ua la zambarau. Huo ndio Saintpaulia ionantha, uliopewa jina mwaka 1893 kutokana na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyeutuma Ulaya kutoka huku Tanga. Mamilioni yake yanauzwa kwenye vyungu ng'ambo, na hapa nyumbani umebaki kwenye vipande vichache vya mwamba. Usichume hata jani, kwa sababu jani moja ndilo mbegu ya mmea mpya.

Kijijini mchana

Mkifika penye nyumba, punguzeni mwendo na sauti. Piga hodi ukiwa nje ya ua, subiri. Ukiitikiwa karibu, anza na mkubwa: "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo?" "Hatujambo bibi, habari za hapa?" Habari za nyumbani, za watoto, za shamba, zote zipite kwanza. Ombi lako, iwe njia, maji au chakula, ni la mwisho. Mgeni anayeanza na "chemchemi iko wapi?" ataonyeshwa kwa kidole, anayesalimia vizuri atapelekwa.

Picha ziombwe, na kwa watoto aombwe mzazi. Msigawe pesa wala pipi kwa watoto. Kama mna kitu cha kutoa, mpe mkubwa wa nyumba au nunueni: madafu, machungwa, mihogo ya kuchemsha. Chakula cha kukitafuta ni bada, ugali wa unga wa muhogo, kwa mchuzi wa samaki. Ukitaka kupikiwa, agiza asubuhi mnapopita. Bada huliwa la moto, na mpishi wa kijijini hapiki akiba ya wageni asiowajua.

Ulizeni kuhusu visima na chemchemi za maji baridi. Wenyeji watawaambia upi hukauka Februari, upi hugeuka tope masika, upi una mwenyewe. Neno hilo la mwisho lichukue kwa uzito: chemchemi yenye mwenyewe ni ya mzimu, na haiogwi. Kwenye chemchemi ya kuteka, msioshe viatu vyenye kinyesi cha popo. Tekeni kwa ndoo, osheeni mbali, upande wa chini. Mtoni msiogelee kabisa. Konokono wa maji yaliyotulia hubeba kichocho, na kuhusu mamba wa Sigi jibu la mvuvi wa hapo lina uzito kuliko maandishi yoyote. Mkivuka Mkulumuzi, maji yakipita magoti, rudini mtafute daraja.

Mashamba ya mkonge ni mali ya watu. Msikate njia katikati ya mistari, na mwiba wa ncha ya jani ukiingia jichoni safari imekwisha. Ukitaka kuona korona, mashine ya kutoa nyuzi, inavyopura majani, omba ofisini. Singa, yaani nyuzi zenyewe, ni asilimia 4 hivi tu ya uzito wa jani, ndiyo maana rundo la mabaki ni kubwa kuliko mzigo.

Maji moto jioni

Chemchemi za Amboni hujulikana kwa jina la Galanos, mkulima wa mkonge Mgiriki. Zamani zilijengewa nyumba ya kuogea, na magofu yake bado yapo. Fikeni saa kumi hivi, pamoja na mwenyeji. Utanusa mayai viza kabla ya kufika: hiyo ni haidrojeni salfaidi. Nje hewani haina neno, lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hulala mashimoni na kwenye vyumba vilivyofungwa. Hatari yake ni kwamba ikizidi pua huacha kuisikia. Kwa hiyo usijifungie kwenye chumba cha magofu, usiingize kichwa kwenye tundu la chemchemi, na harufu ikipotea ghafla huku macho yakiwasha, ondoka uende kwenye upepo.

Vueni pete na mikufu ya fedha. Kiberiti huigeuza nyeusi kwa dakika chache, na shaba hufifia. Joto hutofautiana hatua kwa hatua: karibu na jicho la chemchemi ni kali, chini zaidi linachanganyika na maji baridi. Chovya kiwiko sekunde 10. Usipoweza kuvumilia, shuka chini. Kaa dakika 10 hadi 15, maji yasipite kifua, kisha toka, kunywa maji, pumzika kabla ya kurudia. Watu huja kwa ajili ya viungo na ngozi, na joto kweli hulegeza viungo vinavyouma. Lakini mwenye kidonda wazi, mwenye presha ya kupanda, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito wasiingie. Maji yake hayanywi. Usiyapakaze machoni. Mkimaliza jisuuzeni kwa maji matamu mliyobeba, lita 3 kwa mtu zinatosha, la sivyo ngozi itawasha usiku na nguo zitanuka wiki nzima.

Mwenye nguvu ya kungoja anaweza kupanga na mwongozaji tangu asubuhi kurudi mapangoni kuona popo wakitoka. Jua la Tanga huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 kutegemea mwezi. Simameni nje, pembeni mwa mdomo wa pango, si mbele yake wala chini yake, mkiwa na kofia na midomo imefungwa. Dereva wa kuwarudisha awe tayari amefika.

Mkisharudi mjini

Viatu visuguliwe kwa brashi na sabuni nje ya nyumba, nguo za pangoni zifuliwe peke yake na kuanikwa juani. Mikwaruzo ya chokaa ioshwe usiku huo huo, kwa sababu vumbi lake hukaa kwenye jeraha na likachelewesha kupona.

Andika tarehe mliyoingia pangoni. Homa ikikupata ndani ya siku 21, nenda kituo cha afya bila kungoja, mwambie daktari mwanzo kabisa kwamba uliingia pango lenye popo, na upimwe malaria siku hiyo hiyo. Kikohozi kikavu na kifua kubana wiki ya kwanza hadi ya tatu navyo vitajwe hivyo hivyo. Kama ulivuka mto kwa miguu, kapime mkojo wa kichocho kati ya wiki ya 8 na ya 12. Ukipima mapema zaidi mayai yanakuwa bado hayajaanza kutoka, na majibu yatakuja safi ilhali minyoo imo. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, kwa hiyo pimwa uzito pale pale kituoni.